Roboti, msaidizi na kikombe: kisa cha jaribio la RATULS

Mei 2019 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya RATULS, jaribio lililofanyika Uingereza chini ya Profesa Helen Rodgers wa Chuo Kikuu cha Newcastle. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: mtu aliyepooza mkono kwa kiharusi, akifanyishwa mazoezi na roboti, mkono unarudi kazini kuliko ambavyo ungerudi bila roboti? Watu 770 waliingizwa katika vituo vinne kati ya Aprili 2014 na Aprili 2018. Wote walikuwa wamepata kiharusi kwa mara ya kwanza, wiki moja hadi miaka mitano kabla, na mikono yao ilikuwa imedhoofika kwa kiasi cha kati au kikubwa. Kwa bahati nasibu, 257 walipelekwa kwenye roboti, 259 wakapewa mazoezi ya ziada yanayosimamiwa na binadamu, na 254 wakabaki na huduma ya kawaida ya hospitali. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa na ratiba moja: dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12.

Walipopimwa baada ya miezi mitatu, waliofikia kiwango cha nafuu kilichopangwa walikuwa asilimia 44 katika kundi la roboti, asilimia 42 katika huduma ya kawaida, na asilimia 50 katika kundi la binadamu. Kitakwimu hakuna tofauti kati ya hizo iliyokuwa imara. Ila ukimwuliza mtu aliyenunua mashine hiyo kwa fedha za umma, atakwambia kwamba kitu kimoja kilikuwa wazi: roboti haikushika nafasi ya kwanza.

Tangu hapo RATULS inatajwa kwa sentensi moja, kwamba roboti hazifanyi kazi. Sentensi hiyo inaficha jambo ambalo jaribio lilionyesha vizuri kuliko jaribio lolote la kabla yake, na ili kuliona inabidi kwanza tuiangalie mashine.

Inaitwa MIT-Manus. Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walianza kuitengeneza mwaka 1989 katika chuo cha MIT, Marekani. Mgonjwa anaketi mezani, mkono wake umefungwa kwenye kishikio kilichounganishwa na mtambo, na mbele yake kuna skrini. Kwenye skrini kuna alama ya katikati na shabaha nane zilizoizunguka. Kazi yake ni kutoka katikati kwenda kwenye shabaha na kurudi, sentimita 14 kila safari, akizunguka duara zima. Bega na kiwiko ndivyo vinavyofanya kazi, na mkono hautoki juu ya meza.

Roboti ya kiwandani hupewa njia na kuifuata hata ikikuta kichwa cha mtu. Hiyo huwezi kumfunga mgonjwa mwenye misuli iliyokakamaa. Mwaka 1985 Hogan alikuwa ameshaandika juu ya namna nyingine ya kuongoza mashine: usiiamuru ifike mahali fulani, amua jinsi itakavyoitikia ikisukumwa. Itikio laini, mgonjwa anapita anakotaka. Itikio gumu, anarudishwa njiani. MIT-Manus ilijengwa juu ya wazo hilo, na ndiyo maana mgonjwa akiisukuma inasukumika, na asipofanya lolote inaweza kumpeleka yenyewe.

Hatua iliyofuata, iliyochapishwa mwaka 2003, ndiyo iliyoifanya ijirekebishe. Programu inachora mfereji usioonekana kutoka katikati hadi kwenye shabaha. Mkono ukienda upande, ukuta wa mfereji unaurudisha. Mgonjwa akikawia kuanza, ukuta wa nyuma unaanza kusogea na kumsukuma taratibu. Wakati huohuo mashine inapima: alianza mwenyewe? alikwenda kasi gani? aliacha mstari kwa kiasi gani? Kila baada ya kundi la miendo inabadilisha mambo mawili, ugumu wa kuta na muda anaopewa kufika. Anayejitahidi anapunguziwa msaada na kuongezewa kasi. Anayechoka anaongezewa msaada.

Ni kazi nzuri ya uhandisi, na sisemi hivyo kwa adabu. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeshika mkono wa mgonjwa hufanya jambo hilohilo kwa kuhisi, lakini hawezi kulifanya mara elfu moja kwa kikao bila mkono wake mwenyewe kulegea.

Na hiyo elfu moja ndiyo iliyokuwa hoja kuu ya roboti. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha hesabu ya kinachofanyika kweli katika vikao vya tiba ya kiharusi. Pale ambapo mkono ulifanyishwa mazoezi ya vitendo, wastani ulikuwa miendo 32 kwa kikao. Thelathini na miwili. Muda uliobaki ulikwenda kwenye mambo mengine, mengi yake ya maana: kumsimamisha mgonjwa, kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Ila ubongo haujifunzi upya kazi ya mkono kwa miendo 32. Kikao kimoja cha MIT-Manus kilikuwa na makundi matatu ya miendo 320 yenye msaada, pamoja na duru nne za miendo 16 bila msaada kwa ajili ya kupima. Jumla 1,024.

Idadi hiyo ilipata mtihani wake Marekani, kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu, katika jaribio la Albert Lo na wenzake lililochapishwa mwaka 2010. Wagonjwa walikuwa 127, wote wakiwa wamepita angalau miezi sita tangu kiharusi. Waandaaji walifanya jambo la uaminifu ambalo wengi hulikwepa: waliunda kundi la kulinganisha ambalo mtaalamu wa binadamu alitakiwa kufikia ukali uleule wa mazoezi. Vikao 36, saa moja moja. Kwenye kipimo cha Fugl-Meyer, chenye alama 66 kwa mkono, baada ya wiki 12 roboti iliishinda huduma ya kawaida kwa alama 2.17, tofauti isiyotosha kuthibitika, na ikapitwa na binadamu kwa alama 0.14, ambayo ni sawa na hakuna. Wiki ya 36, tofauti na huduma ya kawaida ilifika alama 2.88 na safari hii ikathibitika.

Kwa hiyo kufikia mwaka 2010 ilikuwa imeshajulikana kwamba miendo mingi inasaidia kidogo, na kwamba mkono haujali aliyeisababisha miendo hiyo ni mota au mtu. Gharama ndizo zilizompa mwenye mota nafasi: kumhudumia mgonjwa mmoja kwa roboti kuligharimu dola 5,152 kwa wastani, kwa binadamu dola 7,382. Mtaalamu wa Marekani kwa saa moja ana bei, na kumtaka atoe miendo elfu kwa saa hiyo ni kumnunua mzimamzima.

Sasa RATULS. Waingereza hawakurudia kundi lile la miendo elfu. Binadamu wao alikuwa na kazi tofauti. Mgonjwa alikaa na mtaalamu akachagua malengo yake mwenyewe, mambo ya aina ya kunywea kikombe, kufunga vifungo, kushika kisu, kisha akarudiarudia tendo hilo, au kipande cha tendo hilo, kikao baada ya kikao. Aliyesimamia marudio hayo kwa sehemu kubwa alikuwa msaidizi wa tiba, mtu wa mafunzo mafupi anayefanya kazi chini ya mtaalamu. Tuliweke hilo akilini, kwa sababu hesabu ya fedha inageukia hapo.

Kipimo nacho kilikuwa kingine. RATULS ilitumia ARAT, mtihani wa vitendo 19 wenye alama 57. Humo mtu anaokota vipande vya mbao vya ukubwa tofauti, anamimina maji kutoka glasi hadi glasi, anashika gololi kwa ncha za vidole, anapeleka mkono kichwani na mdomoni. Mafanikio yalitegemea ulipoanzia: aliyeanza na alama 0 hadi 7 alitakiwa kuongeza 3, aliyeanza kati ya 20 na 39 alitakiwa kuongeza 6. Wengi walianza chini kabisa.

Fugl-Meyer inauliza kiungo kinaweza kusogea vipi: inua bega, nyoosha kiwiko, geuza kiganja. ARAT inauliza umefanya nini kwa kusogea huko. Katika RATULS, kundi la roboti lilipata alama nzuri zaidi za Fugl-Meyer kuliko huduma ya kawaida baada ya miezi mitatu. Mkono ulisogea vizuri zaidi, na ARAT haikusogea nao. Kundi la binadamu nalo lilipata nafuu kwenye Fugl-Meyer, tena likaizidi huduma ya kawaida katika shughuli za kila siku ambazo mgonjwa alijieleza mwenyewe.

Hapa ndipo kilipo kiini cha kisa, kwa maoni yangu. Roboti ilijirekebisha kwa uaminifu mkubwa, ila ilichokirekebisha ni njia ya sentimita 14. Kipimo chake cha ndani, kile kilichoiambia kama mgonjwa anaendelea vizuri, kilikuwa kasi na unyoofu wa mstari. Ikamfundisha hicho, naye akakijifunza. Hakuna mahali katika programu palipojua kwamba mtu huyu anataka kushika kikombe. Ni kweli mashine za RATULS zilikuwa zaidi ya ile ya meza, zikiwemo sehemu za kifundo cha mkono na za kufumba na kufumbua kiganja, lakini kufumba kiganja kwenye mashine na kukifumba juu ya kikombe chenye chai ya moto ni vitu viwili. Cha pili kinataka jicho, uzito, woga wa kumwaga, na mkono wa pili unaoshika sahani.

Mtu anaweza kusema tatizo ni meza, kwamba roboti inayouongoza mkono mzima hewani ingefanya vizuri zaidi. Hilo lilijaribiwa Uswisi kwa ARMin, kiunzi kinachovaliwa juu ya mkono na kuongoza viungo vyake vyote, na kinachomwezesha mgonjwa kufanya mazoezi ya shughuli za kawaida katika picha za kompyuta. Wagonjwa 77, matokeo mwaka 2014. Roboti ilishinda tiba ya kawaida kwa alama 0.78 za Fugl-Meyer. Kitakwimu ni ushindi. Kwa mgonjwa, alama 0.78 kati ya 66 hata hawezi kuihisi.

Kuna tatizo jingine ndani ya kujirekebisha kwenyewe, na hili linanivutia zaidi kwa sababu si la mashine, ni la watu. Wawili wakibeba kitanda na mmoja akagundua mwenzake ana nguvu za kutosha, mikono yake hulegea bila hata kukusudia. Kundi la David Reinkensmeyer katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, lilionyesha hivyo mwaka 2008 kwa roboti ya mkono inayoendeshwa kwa hewa. Roboti ilipojifunza udhaifu wa mgonjwa na kuuziba kikamilifu, wagonjwa waliiachia ibebe sehemu kubwa ya uzito wa mkono. Wagonjwa hao hawakuwa wavivu. Mfumo wa fahamu hutafuta njia ya kutumia nguvu kidogo, na roboti mwaminifu ni njia mojawapo. Ilibidi waiwekee programu usahaulifu wa makusudi: msaada unajipunguza wenyewe kila wakati makosa yakiwa madogo, ili mgonjwa abaki na kitu cha kufanya. MIT-Manus ina kinga yake, kwa kuwa inasubiri mgonjwa aanze. Hata hivyo, idadi ya miendo inayoandikwa kwenye ripoti ya kikao haisemi mgonjwa alitia juhudi kiasi gani katika kila mmoja, na mtu akinionyesha mashine inayojisifu kwa idadi tu, napunguza kumsikiliza.

RATULS yenyewe ina sehemu za kutilia shaka, na ni haki kuzitaja. Kwanza, waliopatikana kupimwa ARAT baada ya miezi mitatu walikuwa 232 kwa roboti, 234 kwa binadamu, na 203 kwa huduma ya kawaida. Yaani makundi ya mazoezi yalikosa watu 25 kila moja na kundi la kawaida likakosa 51. Nadhani aliyepangiwa kutopata cha ziada hana hamu ya kurudi kupimwa. Kama waliopotea ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi, ile asilimia 42 imepambwa. Pili, jaribio liliwachanganya wa wiki ya pili na wa mwaka wa nne. Wa wiki ya pili hupata nafuu kwa maumbile tu, roboti iwepo isiwepo, na hilo linainua makundi yote na kufanya tofauti kati yao iwe ngumu kuonekana. Tatu, walilinganisha mara tatu, kwa hiyo walijibana: walitumia mipaka ya uhakika, yaani eneo ambamo jibu la kweli linatarajiwa kuwa, ya asilimia 98.33 badala ya 95. Kwa mipaka hiyo, uwiano wa odds (waliofaulu kwa kila aliyeshindwa) kati ya binadamu na huduma ya kawaida ulikuwa 1.51, ukiwa na mipaka ya 0.90 hadi 2.51; mipaka ikiipita 1 pande zote mbili, tofauti haijathibitika. Roboti dhidi ya huduma ya kawaida ilikuwa 1.17, mipaka 0.70 hadi 1.96. Hata ushindi wa msaidizi, basi, haujathibitishwa kwenye kipimo kikuu. Kinachombeba ni kwamba vipimo vya pili vilielekea upande wake.

Matukio mabaya ya kiafya yalikuwa mengi zaidi kwa waliofanya mazoezi, asilimia 15 na 13 dhidi ya 8, ila hakuna lililohusishwa na mazoezi yenyewe. Anayeonwa mara tatu kwa wiki huandikwa zaidi.

Tuje kwenye fedha. Kwa miezi sita, gharama ya wastani kwa mgonjwa wa huduma ya kawaida ilikuwa pauni 3,785, wa mazoezi ya binadamu pauni 4,451, wa roboti pauni 5,387. Linganisha na Marekani, ambako roboti ilikuwa nafuu kuliko mtu. Mashine ni za ukoo mmoja, na kazi ni ya kiungo kilekile. Kilichobadilika ni nani alikaa upande wa pili: Marekani mtaalamu kamili akikimbizana na mota, Uingereza msaidizi mwenye orodha ya malengo ya mgonjwa. Bei ya roboti, kwa hiyo, haina maana mpaka uijue bei ya mtu anayeshindana nayo, na kazi aliyopewa mtu huyo. Watafiti walihitimisha kwamba matokeo hayaungi mkono kutumia mafunzo ya roboti, kwa namna yalivyotolewa, katika huduma ya umma ya Uingereza.

Kisa hiki kina uzi unaofika kwetu. Hospitali ya North Tyneside, alikokuwa akifanya kazi daktari Richard Walker, aliyeongoza utafiti wa kiharusi Tanzania, iko chini ya shirika la Northumbria lililoshiriki RATULS, na Northumbria ina uhusiano wa miaka mingi na hospitali ya KCMC Moshi. Utafiti huo uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Hai, na 315.9 katika Dar es Salaam. Kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu vilivyokuwa vimeandikwa popote. Mikono iliyopooza ipo, na mingi.

Mashine zinafika pia, kwa misaada na kwa maonyesho ya vifaa tiba. Mwenye kamati ya manunuzi anaweza kuichukua RATULS na kuuliza maswali mawili kabla ya kutia sahihi. La kwanza: programu hii inapobadilika, inabadilika kufuata nini, mstari au tendo? La pili: bei hii, na vipuri vyake, na fundi wake, na umeme wake, ingelipa mishahara ya wasaidizi wangapi kwa miaka mitano, wakifanya kazi chini ya mtaalamu mmoja wa fiziotherapia na mmoja wa tiba kazi?

Kuna jibu la haraka ambalo husikika hapa: mishahara ya nini, ndugu si wapo? Mama amlete mgonjwa siku moja, afundishwe, akamfanyishe nyumbani. India walilijaribu hilo kwa uzito. Jaribio la ATTEND, matokeo yake yakitoka mwaka 2017, liliwachukua wagonjwa 1,250 katika hospitali 14 na kuwafundisha jamaa zao kutoa tiba ya viungo nyumbani. Baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 47 katika kundi lile, na asilimia 47 katika kundi la huduma ya kawaida. Jamaa wana mashamba, maduka na watoto, na hakuna aliyekuja mara tatu kwa wiki kuangalia kama lengo la juma lililopita limefikiwa. Msaidizi wa RATULS alikuwa na ratiba, bosi na mshahara. Katika bajeti nyingi za hospitali zetu, mstari wa kununua kifaa upo, na mstari wa kuajiri mtu wa aina hiyo haujawahi kuandikwa.